Suwa: ahadi ya kila kampeni, na historia isiyotajwa jukwaani

Uzi mfupi, watu wangu. Kila msimu wa kampeni huku kwenye majani chai, mtu hupanda juu ya gari na kuahidi suwa. Mpinzani wake anajibu kwamba pesa zililiwa. Tunabishana wiki mbili, mada inakufa. Wizi upo, siukatai. Lakini wizi peke yake hauelezi kwa nini Kericho mjini kulipata mabomba ya maji taka na Bomet ikakua kwa vyoo vya shimo.

Turudi nyuma. Miaka ya 1920 makampuni ya chai, Brooke Bond ikiwemo, yalijikita Kericho kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Ndani ya shamba, kampuni ndiyo ilikuwa serikali: ilijenga kambi za wafanyakazi, zahanati, maji na vyoo. Nje ya shamba kulikuwa na utawala wa mkoloni na mji wake mdogo. Mabomba yalifuata mji huo na ofisi zake.

Bomet je? Hadi 1992 ilikuwa sehemu tu ya Wilaya ya Kericho. Makao makuu yalikuwa kwingine, mainjinia na bajeti vilevile. Halafu 2013 ikawa makao ya kaunti. Ofisi, benki na nyumba za kupangisha zikaja mbio, choo kikabaki kilekile. Ploti moja ina choo cha shimo, jirani ana kisima. Shimo likijaa unaitisha lori la ekzosta, na landilodi anarudisha gharama kwenye kodi yako. Mwenye suwa hulipa ada kidogo kidogo kwenye bili ya maji. Yaani asiye na huduma ndiye anayetoa pesa nyingi kwa mkupuo mmoja!

Na hii si shida ya mji pekee. Nyangores hupita hapo Bomet, hukutana na Amala, unakuwa mto Mara. Anayekunywa chini ni mfugaji, nyumbu, na mwishowe Mtanzania.

Sasa sheria. Sheria ya Maji ya 2002 iliondoa huduma hii mikononi mwa mabaraza ya miji, ikaenda kwa kampuni za maji zinazotakiwa kujitegemea kwa bili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema usafi wa mazingira ni haki, na jedwali la nne likaipa kaunti huduma za maji na maji taka. Lakini miradi mikubwa bado hupitia mashirika ya serikali kuu. Kwa hiyo mgombea ubunge anayeahidi suwa anaahidi kazi ambayo si yake, na gavana akiulizwa ananyooshea Nairobi kidole. Wote wawili wana pa kujificha.

Ila jambo linalonikera zaidi ni ardhi. Njia rahisi ya kusafisha maji taka ni mabwawa yanayofuatana: uchafu unatulia chini, bakteria wanaula, jua linaua vijidudu. Umeme hauhitajiki sana. Shida ni kwamba kwenye baridi bakteria hufanya kazi polepole, na Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mvua karibu kila siku, na maji ya mvua hupenya kwenye mabomba. Unahitaji mabwawa makubwa zaidi. Tena yakae bondeni, manake maji taka hayapandi mlima bila pampu.

Bonde hilo ni la nani? Kuzunguka Bomet ni shamba la mkulima mdogo mwenye hatimiliki, na hataki harufu mlangoni. Kuzunguka Kericho ni mashamba ya makampuni. Kifungu cha 65 cha Katiba kilipunguza mikataba ya ardhi ya wasio raia kutoka miaka 999 hadi 99. Mdahalo ujao, mtu awaulize wagombea: kaunti ikikaa mezani na makampuni kuhusu ardhi hiyo, itaomba ekari ngapi za mabwawa ya maji taka, na upande gani wa mto?