Mti uliowaponya watu wa Cartier

Mwerezi tunaujua kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona. Tunausikia kanisani: mierezi ya Lebanoni ambayo Hiramu, mfalme wa Tiro, alimpelekea Sulemani kwa ujenzi wa Hekalu; mwenye haki wa Zaburi ya 92 anayekua kama mwerezi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mti huo uliingia pia katika ibada ya wagonjwa. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, mtu aliyepona ukoma hakurudi kambini hivi hivi. Kuhani alitoka kwenda kumwona huko nje alikokaa, akaagiza ndege wawili, kipande cha mwerezi, sufu nyekundu na hisopo, ndipo alipomnyunyizia mara 7. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 19, mwerezi huo huo hutupwa motoni pamoja na ng'ombe mwekundu, na majivu yake hutiwa katika maji ya kutakasa.

Watu wa kale walikuwa wameona kwamba mti huu hauozi upesi, kwamba wadudu huukimbia na harufu yake hudumu. Wamisri walisafirisha mbao na utomvu wake kutoka Lebanoni tangu zamani sana. Mashua ya Farao Khufu, iliyofukuliwa karibu na piramidi kubwa mwaka 1954 baada ya kulala ardhini miaka ipatayo 4500, ilikuwa ya mwerezi. Tunaona basi kwa nini mti usiooza ulichaguliwa kuwa ishara kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa umeanza kuoza angali hai.

Habari tunayotaka kuwasimulia, hata hivyo, ni ya mwerezi mwingine, ule wa ng'ambo ya bahari. Huko Kanada kuna mti ambao Wafaransa waliuita cèdre kwa sababu ya harufu yake na ubao wake usiooza, ingawa kwa kweli si ndugu wa karibu wa ule wa Lebanoni. Wataalamu wa mimea huuita Thuja occidentalis. Majani yake ni magamba madogo yaliyolaliana, nayo hubaki ya kijani mwaka mzima, hata theluji inapofunika kila kitu.

Mwaka 1535 nahodha Mfaransa Jacques Cartier alipanda mto mkubwa wa Saint-Laurent akiwa na merikebu 3 na watu wapatao 110. Waliokuwa wakimwongoza walikuwa vijana wawili wa nchi ile, Domagaya na Taignoagny, jamaa za Donnacona, mkubwa wa kijiji cha Stadaconé, mahali ulipo leo mji wa Québec. Jinsi walivyopata kujua Kifaransa si jambo la kupita juu juu. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Julai, Cartier alikuwa amesimamisha msalaba mkubwa wa mti huko Gaspé, wenye maneno ya kumtukuza mfalme wa Ufaransa. Donnacona alikuja kulalamika kwamba nchi ni yake. Wafaransa wakamvuta kwa hila, wakamtuliza kwa zawadi, na vijana hao wawili wakachukuliwa hadi Ufaransa. Sasa walikuwa wamerudi kwao, lakini hawakuwa tena na imani kamili kwa wageni wao.

Majira ya baridi yalipofika, Wafaransa hawakuweza kuondoka. Tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili barafu ilizifunga merikebu. Chakula kilikuwa nyama ya chumvi na mikate mikavu. Ndipo ulipoingia ugonjwa wasioujua jina: miguu ikavimba na kuwa meusi, madoa kama ya damu yakapanda hadi mapajani na mabegani, ufizi ukaoza hadi meno yakaanguka. Ni kiseyeye. Kufikia Februari wengi walikuwa hawana nguvu hata ya kuinuka, na walio wazima hawakufika hata 10. Cartier aliagiza maiti ya kijana wa miaka 22 ipasuliwe ili waone ndani kuna nini, lakini hawakuona njia ya kuwasaidia wengine. Kwa kuogopa wenyeji wasije wakaujua udhaifu wao, aliwaamuru wagonjwa wagonge mbao kwa nyundo ndani ya merikebu, ionekane kwamba watu wanafanya kazi.

Mwishowe alifanya lile ambalo sisi pia tungelifanya. Aliagiza picha ya Bikira Maria iwekwe kwenye mti, mbali kidogo na ngome, na siku ya Dominika wote walioweza kutembea wakaenda kwa maandamano juu ya theluji, wakiimba Zaburi na Litania. Misa ikasomwa. Cartier akaweka nadhiri ya kwenda kuhiji kwa Mama Yetu wa Rocamadour kama Mungu atamjalia kurudi Ufaransa. Siku ile ile, kijana aliyepasuliwa ndiye aliyekufa. Mbingu zilionekana kunyamaza.

Muda si mrefu baadaye Cartier akiwa nje ya ngome alimwona Domagaya akija kwa miguu yake. Siku 10 au 12 kabla alikuwa amemwona mgonjwa kabisa wa ugonjwa huo huo, goti moja limevimba, meno yameharibika. Sasa alikuwa mzima. Nahodha akamwuliza amepona kwa nini, lakini kwa woga hakusema ukweli. Alidai kwamba ni mtumishi wake mmoja tu aliyeugua. Domagaya hakubishana naye. Alitaja mti ambao kwa lugha yao uliitwa annedda, akatuma wanawake wawili pamoja na Mfaransa kwenda kuchuma. Walileta matawi 9 au 10, wakaonyesha jinsi ya kuondoa gome na majani, kuyachemsha, kunywa maji yake kila baada ya siku moja, na kuyakandika mashapo kwenye miguu iliyovimba.

Wagonjwa walikataa. Mmoja au wawili tu walithubutu kuonja. Walipoona nafuu, wengine wakasukumana kiasi cha karibu kuuana kwa kugombea kikombe, na kwa juma moja hivi mti mzima, mkubwa kama mwaloni wa Ufaransa, ukamalizika. Wafaransa 25 walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki wakapona. Cartier aliandika kwa mshangao kwamba madaktari wote wa Louvain na Montpellier, na dawa zote za Aleksandria, wasingefanya kwa mwaka mzima kile mti huo ulichofanya kwa siku chache, naye akamshukuru Mungu.

Hapa tusimame kidogo. Walimwomba Mama Maria, na jibu likaja kwa mikono ya mtu asiyebatizwa, tena mtu waliyewahi kumteka, na kwa mikono ya wanawake wawili ambao hakuna aliyejishughulisha kuandika majina yao. Anayesoma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, ataitambua njia hii ya Mungu. Naamani, jemadari wa Aramu, alipata habari za nabii kutoka kwa msichana Mwisraeli aliyetekwa na askari wake, naye msichana huyo pia hana jina. Mateka alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, lakini akasema. Domagaya vivyo hivyo.

Wasomi bado hawajakubaliana annedda ulikuwa mti gani hasa. Wengi wameutaja mwerezi huu wa Kanada. Wengine wanaona ulikuwa msonobari wa aina fulani. Mwerezi huo ulipelekwa Ufaransa karne ile ile, ukapandwa katika bustani ya mfalme huko Fontainebleau, na hadi leo jina lake la Kilatini kwa watunza bustani ni arbor vitae, yaani mti wa uzima. Sababu ya kupona ilijulikana baadaye sana. Mwaka 1747 daktari Mskoti James Lind aliwajaribia mabaharia 12 dawa za namna 6, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Na vitamini C yenyewe ilitambuliwa tu katika karne ya 20, kazi iliyompatia Albert Szent-Györgyi tuzo ya Nobel mwaka 1937. Majani mabichi ya miti hii yana vitamini hiyo, nayo hupatikana hata wakati ambapo hakuna tunda wala mboga.

Wenyeji hawakungoja neno vitamini. Waanishinaabe, wanaoishi kandokando ya maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, wanauhesabu mwerezi kati ya mimea 4 mitakatifu, pamoja na tumbaku na majani mengine mawili yenye harufu nzuri. Hutandika matawi yake chini katika nyumba ya kutolea jasho, huchemsha majani kwa kikohozi na homa, na ubao wake mwepesi hutumika kwa mbavu za mitumbwi. Kabla ya kuchuma huweka tumbaku kidogo chini ya mti, ishara ya shukrani. Kwenye pwani ya Pasifiki, Wahaida na majirani zao wana mwerezi wa aina nyingine. Huvua gome upande mmoja tu, kwa utepe, ili mti uendelee kuishi. Ni adabu ya kupokea ambayo wakataji wengi wa miti wa siku hizi hawaijui.

Tuseme pia jambo moja waziwazi, maana tunawajua vijana wetu. Wapo kati yetu wanaoliogopa kila jani la mzee kana kwamba ni uchawi, na wapo wanaokunywa kila kitu kinachouzwa kwenye chupa sokoni. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba Bwana ameziumba dawa kutoka ardhini na mwenye akili hazidharau. Sura hiyo hiyo inaagiza kumheshimu mganga na kumpa nafasi yake. Mafuta ya mwerezi wa Kanada yana kitu kiitwacho tuyoni, ambacho kikizidi ni sumu, huleta degedege, na mama mjamzito hapaswi kukitumia kabisa. Wale wanawake wawili hawakuonyesha mti tu. Walionyesha sehemu, kipimo na siku. Mti bila mtu anayeujua si dawa. Na sisi wa Kongo tunayo mashamba ya kinini katika Kivu, mti uliotoka milima ya Andes, ambao gome lake liliitwa zamani gome la Wajesuiti. Kabla ya Wajesuiti kulifikisha Roma palikuwa na watu wa milima ile walioijua misitu yao.

Turudi Stadaconé. Barafu ilipoyeyuka, Wafaransa waliopona walijiandaa kuondoka. Tarehe 3 Mei 1536, sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, Cartier alisimamisha msalaba mwingine. Siku hiyo hiyo aliwaalika wakubwa wa kijiji, akawakamata: Donnacona, Taignoagny, na Domagaya yule yule. Jumla ya wenyeji waliochukuliwa ilikuwa 10. Watu wa kijiji walikuja usiku ufukweni wakilia na kumwita mkubwa wao. Tarehe 6 Mei merikebu zikang'oa nanga.

Sisi tunaobeba msalaba katika maandamano ya parokia tunasoma habari hii kwa uchungu. Msalaba ni ule ule. Mikono iliyousimamisha siku hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 2022 Papa Fransisko alikwenda Kanada kama mhujaji wa toba, akafika Québec yenyewe, na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitamka wazi kwamba Kanisa linayakataa mafundisho yaliyodai kwamba nchi za wenyeji huwa mali ya mfalme Mkristu anayezigundua.

Huko Ufaransa, Donnacona alizungumza na mfalme Fransisko wa Kwanza, na mateka wakabatizwa. Cartier aliporudi Kanada mwaka 1541 hakuwa na hata mmoja wao. Wote walikuwa wamekufa isipokuwa msichana wa miaka 10 hivi. Mkubwa mpya wa Stadaconé, Agona, aliuliza watu wake wako wapi. Cartier alikiri kifo cha Donnacona. Wengine, alisema, wameoa na kuolewa, wanaishi kama mabwana, hawataki kurudi.

Wenyeji hawakuwa tena marafiki. Cartier aliondoka mwaka 1542, na bwana Roberval aliyekuja nyuma yake alikaa majira ya baridi karibu na hapo hapo. Watu wapatao 50 wakafa kwa kiseyeye, na msitu wa mierezi umewazunguka. Mwaka 1604 Wafaransa wengine walijenga kwenye kisiwa cha Sainte-Croix. Kati ya watu 79 walikufa 35. Miaka 4 baadaye Samuel de Champlain aliweka msingi wa Québec mahali palipokuwa na Stadaconé. Alianza majira ya baridi na watu 28, na kiseyeye na kuhara damu vikawachukua 20. Champlain alikuwa amesoma habari za Cartier. Lakini kijiji hakikuwapo tena, watu wake walikuwa wametoweka, na waliokuwa jirani walisema lugha nyingine. Neno annedda lilibaki kwenye karatasi, bila mtu wa kumpeleka msituni kumwonyesha mti.