Majabali ya Mara na Urithi wa Taifa

Msafiri atokaye Bunda kwenda Musoma huona majabali makubwa yaliyopandana, moja juu ya jingine. Wananchi huyavunja wakapata mawe ya msingi na kokoto za kujengea nyumba, shule na zahanati. Hatuwezi kuilaumu kazi hiyo, kwani hakuna maendeleo pasipo majengo. Lakini miamba hiyo hiyo imehifadhi kumbukumbu za waliotutangulia, na jabali likisha kuwa kokoto, kumbukumbu yake imepotea milele.

Kumbukumbu hizo ni za namna mbili. Kwanza ni michoro. Katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wa kale walichora miambani maumbo kama vile duara ndani ya duara na mistari iliyo sambamba. Mwaka 2005 Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha makala juu ya michoro ya Mkoa wa Mara. Wachoraji hao hawakutuachia maandishi. Michoro ndiyo iliyobaki kutusimulia habari zao.

Pili ni mahali pa jadi. Waikizu wa Bunda huuhusisha Mlima Chamuriho na asili yao, nao husimulia habari za Isamongo na za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua. Hapo mlima wenyewe ndio kumbukumbu. Asiyeijua simulizi huona vichaka na mawe tu.

Butiama yatupa mfano mwema. Pale Mwitongo, nyumbani kwa ukoo wa Mtemi Nyerere Burito, yapo makaburi ya ukoo huo, pamoja na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa Butiama mwaka 1999. Tangu Wilaya ya Butiama ilipoundwa mwaka 2012, mahitaji ya ofisi na nyumba yameongezeka, lakini hakuna athubutuye kupeleka nyundo Mwitongo. Sababu yajulikana: kila mtu anafahamu ni nani aliyeishi pale. Mchoraji wa kale hana jina la kumtetea.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro ya miambani iliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yataka miradi mikubwa ipimwe athari zake kabla ya kuanza. Lakini mvunja kokoto mmoja hafikiwi na vipimo hivyo. Misri, ilipojenga bwawa la Aswan, ilisaidiwa na mataifa kulikata hekalu la Abu Simbel na kulihamishia juu kati ya mwaka 1964 na 1968. Sisi hatuhitaji gharama kubwa kiasi hicho. Mawe ya kujengea yako mengi. Yatupasa kujua tu ni lipi lisiguswe.

Kazi hiyo yaweza kuanzia shuleni. Mwalimu wa historia na wanafunzi wake wawaulize wazee majina ya milima na mapango, wayaandike, kisha wampelekee habari hizo afisa utamaduni wa wilaya na serikali ya kijiji. Wakikuta michoro, wasiikwaruze wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri. Jabali likijulikana jina na habari zake, mwenye nyundo atapata sababu ya kwenda kutafuta mawe mahali pengine.