Usanifu wa kompyuta

Usanifu wa kompyuta ni makubaliano kati ya mashine na programu: mashine inaelewa amri zipi, data inakaa wapi na kwa umbo gani, na nini hasa hutokea kila amri inapotekelezwa. Ni jambo tofauti na saketi zenyewe. Prosesa mbili zinaweza kutoka viwanda viwili, moja ghali na yenye kasi, nyingine ya bei nafuu, na bado zikaendesha programu ileile bila kubadilisha hata herufi, mradi zimefuata usanifu mmoja.

Maana hii ya neno ilipata nguvu mwaka 1964, IBM ilipotangaza familia ya System/360. Kabla ya hapo, mteja aliyehamia kwenye kompyuta kubwa zaidi mara nyingi alilazimika kuandika programu zake upya, hata kama mashine zote mbili zilikuwa za IBM. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks waliweka kwanza kanuni ya pamoja, kisha mashine za uwezo mbalimbali zikajengwa kuifuata. Baiti ya biti 8, tunayopimia ukubwa wa faili hadi leo, ilienea kupitia familia hiyo.

Biti na maana yake

Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa sufuri na moja, na biti hizo peke yake hazisemi chochote. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mfano mzuri karibu naye. Neno kaa laweza kuwa la moto, laweza kuwa mnyama wa baharini mwenye magando, na laweza kuwa agizo kwa mgeni aliyesimama mlangoni. Herufi ni zilezile, ila mahali linapotumika ndipo panapoamua.

Ndivyo zilivyo biti 01000001. Zikisomwa kama namba ni 65. Zikisomwa kama maandishi ni herufi A. Prosesa ya Intel ya biti 32 ikizikuta mahali pa amri, huongeza 1 kwenye rejista (kihifadhi kidogo kilicho ndani ya prosesa) iitwayo ECX. Kampuni ya AMD ilipoupanua usanifu huo kufikia biti 64, na prosesa za kwanza zikatoka mwaka 2003, amri hiyo fupi iliondolewa: biti hizohizo sasa ni kiambishi kinachobadilisha maana ya amri inayofuata. Biti hazikubadilika, makubaliano ndiyo yaliyobadilika.

Programu ndani ya kumbukumbu

ENIAC, iliyozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na ilipiga hesabu kwa kasi isiyowahi kuonekana. Lakini kuipa kazi mpya kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kupanga swichi, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Walioifanya walikuwa wanawake sita, na majina yao yanastahili kutajwa kila mashine hiyo inapotajwa: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman.

Suluhisho lilikuwa kuiweka programu yenyewe ndani ya kumbukumbu, pamoja na data. Wazo hilo lilielezwa katika ripoti ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, iliyosambazwa kwa jina la John von Neumann peke yake. Ndiyo maana watu husema usanifu wa von Neumann, ingawa J. Presper Eckert na John Mauchly, waunda ENIAC, walishiriki katika mawazo hayo. Jina hilo limewanyima haki yao.

Tarehe 21 Juni 1948, huko Manchester, Uingereza, mashine ndogo iliyoitwa Baby iliendesha kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa kielektroniki. Kumbukumbu yake yote ilikuwa baiti 128, pungufu ya ujumbe mmoja wa SMS. Ilitafuta kigawo kikubwa zaidi cha 262,144 kisichokuwa namba yenyewe, na baada ya dakika 52 ikatoa jibu: 131,072.

Tangu hapo mzunguko ni uleule. Kitengo cha udhibiti huchukua amri kutoka kwenye kumbukumbu, huifasiri, kisha hukipa kitengo cha hesabu na mantiki kazi ya kufanya kwa kutumia rejista. Halafu huenda kwenye amri inayofuata.

Kuchanganya amri na data kuna hatari yake. Mnyoo wa Morris, programu inayojinakili yenyewe iliyosambaa kwenye intaneti Novemba 1988, ulitumia njia kadhaa. Mojawapo ilikuwa kufurikisha nafasi ya data mpaka kompyuta ikatekeleza kilichoingia kana kwamba ni amri. Siku hizi prosesa huweza kutia alama sehemu za kumbukumbu zisizoruhusiwa kutekelezwa.

Umbali wa kumbukumbu

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba amri na data zote hupita njia moja kwenda kwenye prosesa, na prosesa ina kasi kubwa kuliko kumbukumbu. Ili kupunguza pengo hilo la kasi, kumbukumbu hupangwa kwa ngazi. Karibu kabisa na prosesa kuna kache, ndogo na ya haraka, ambayo Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza wazo lake mwaka 1965.

Tuseme kusoma kwenye kache ya kwanza, kazi ya takriban nanosekunde 1, kunachukua sekunde nzima. Kwa kipimo hicho, kumbukumbu kuu itajibu baada ya dakika moja na nusu hivi. Diski ya zamani inayozunguka, inayohitaji takriban milisekunde 10, itajibu baada ya karibu miezi minne: msimu mzima wa kaskazi, jahazi likisubiri upepo wa kurudi.

Kache hufaa kwa sababu programu hurudia kazi, na hugusa vitu vilivyo jirani. Prosesa nyingi huleta baiti 64 kwa mpigo, yaani namba 16 za baiti 4. Kwa hiyo programu ya lugha ya C inayojumlisha jedwali kubwa mstari kwa mstari huishinda kwa kasi, tena kwa mbali, ile inayofuata safu wima, japo jibu ni moja. Mwandishi wa programu asiyejua usanifu atatafuta sababu ya tofauti hiyo kwenye hesabu zake bila kuiona.

Familia za usanifu

Kompyuta nyingi za mezani hufuata usanifu uliotokana na Intel 8086 ya mwaka 1978. Simu janja karibu zote hufuata ARM, uliobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge. Chipu ya kwanza, ya mwaka 1985, ilikuwa na transista takriban 25,000 na ilitumia umeme kidogo sana. RISC-V, ulioanzishwa Berkeley, Marekani, mwaka 2010, uko wazi kwa yeyote bila ada ya leseni. Msingi wake ni amri takriban 40, na mwanafunzi mwenye subira anaweza kuziunda zote.