Kodi, Pango na Moto wa Engare Nanyuki

Kiswahili kimelitwisha neno moja mzigo ambao lugha nyingi zimeugawa kwa maneno mawili. Kodi ni ile anayoidai mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kodi pia ni ile anayoidai mwenye dola mwisho wa mwaka. Kila nifasiripo, neno hili hunisimamisha, maana mwandishi wa kigeni huwa amekwisha kuamua anamzungumzia nani, nami nabaki na neno ambalo halijaamua. Wapo wanaoliita jambo hili umaskini wa lugha. Mimi naliona kuwa ni kumbukumbu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, anayetoza kodi ya pango na anayetoza kodi ya kichwa walikaa jirani mno, na pengine walikuwa mtu mmoja. Basi mtu anapouliza mwenye nyumba amfanye nini mpangaji asiyelipa wala asiyehama, hana budi kwanza aulize: huyo anayeitwa mpangaji, nani alimpa jina hilo?

Katika mji wa Arusha swali hili lina majibu ya kila siku. Huko Ngarenaro, Unga Limited, Sombetini na Sanawari, nyumba nyingi ni za vyumba vya kupangisha vinavyotazamana uani, na mwenye nyumba mara nyingi anakaa humo humo na wapangaji wake. Ili asije akapambana na mdaiwa sugu, hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kabla hajatoa ufunguo. Miezi hiyo ikimalizika na fedha zisionekane, huanza maneno ya uani, kisha mjumbe huitwa, kisha notisi. Sheria inamtaka aende barazani au mahakamani, na mwisho wa safari hiyo yuko dalali wa mahakama anayekuja na hati mkononi kutoa vyombo nje. Lakini safari ni ndefu. Mabaraza ya kata, yaliyopewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi kwa sheria ya 2002, yalibakishiwa kazi ya usuluhishi tu kwa marekebisho ya 2021, na maamuzi yakabaki kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndiyo maana wapo wenye nyumba wanaojichukulia sheria mkononi: hukata umeme, hung'oa mlango, huezua bati mbili tatu juu ya kitanda cha mdaiwa wakangoja mvua imalize shauri. Kuezua ni njia ya kikatili, nayo ina ujanja wake, maana anayeezua hamfukuzi mtu. Anaifanya nyumba isiwe nyumba tena.

Njia hiyo haikuzuliwa na wenye vyumba vya Ngarenaro. Chini ya mlima uo huo wa Meru, mwaka 1951, ilitumiwa na serikali yenyewe, kwa kipimo ambacho mwenye nyumba yeyote wa leo asingekiota.

Wameru walikuwa wakikaa kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya mlima, katika vihamba vyao vya migomba, na Waarusha wakiwa majirani zao upande wa magharibi. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig waliuawa Akeri, na majeshi ya Wajerumani yakaja kulipiza kisasi kwa kuua, kuchoma na kuteka mifugo. Baada ya kisasi ukaja utawala, na baada ya utawala wakaja walowezi. Miongoni mwao walikuwamo Makaburu waliotoka kusini mwa Afrika baada ya vita vyao na Waingereza, wakafika Meru katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Mashamba yao yaliuzunguka mlima kwa chini, na juu serikali ikauwekea mpaka msitu. Wenyeji wakabanwa katikati, kati ya miti wasiyoruhusiwa kuikata na mashamba wasiyoruhusiwa kuyapita na ng'ombe wao. Watu walizidi, migomba ikasongamana, na njia iliyobaki wazi ilikuwa kushuka upande wa kaskazini-mashariki, kwenye nchi kavu inayoelekea Kilimanjaro, penye mito na chemchemi za maji ya magadi ambayo ng'ombe huyapenda. Hapo ndipo Engare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, nalo lataja wekundu wa maji.

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuubomoa mpangilio huo. Walichofanya ni kuupa sheria. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitangaza kuwa ardhi yote ya nchi ni ya umma na iko chini ya mamlaka ya Gavana. Mtu atakayeitumia atakuwa na haki ya kukalia, na haki hiyo ina masharti, muda na, kwa waliopewa hati, kodi ya kila mwaka. Marekebisho ya 1928 yaliongeza kuwa mwenyeji anayekaa kwa mila na desturi zake naye ahesabiwe kuwa ana haki ya kukalia. Msomaji na alitazame neno hilo, kukalia. Mtu aliyezaliwa kihambani, aliyezikwa babu yake kihambani, aliamka asubuhi moja akiwa mkaaji. Hakuna aliyemwendea na mkataba. Hakutia kidole chake cha gumba mahali popote. Kodi ya kichwa alikuwa akilipa tangu zamani, na sasa, bila kujua, alikuwa amepata mwenye nyumba.

Kwa muda mrefu jambo hilo lilikuwa la vitabuni tu. Lilitoka vitabuni baada ya vita vya pili vya dunia, pale Jaji Mark Wilson alipopewa kazi ya kuchunguza ardhi za Arusha na Moshi. Taarifa yake ya 1946 ilikiri kuwa wenyeji wamebanwa, na katika baadhi ya mahali ilipendekeza warudishiwe ardhi. Lakini ilipendekeza pia kuwa ukanda ulio kati ya milima miwili, upande wa Sanya, ufanywe eneo moja la walowezi lisilochanganyika na wenyeji, kwa ufugaji wa kisasa. Wameru wa Engare Nanyuki walikuwa ndani ya eneo hilo. Walitakiwa wahamie Kingori, kusini zaidi. Wao walijibu kuwa Kingori ni kwa joto na maradhi ya mifugo, na zaidi ya yote walijibu kuwa hawahami.

Hapa mambo yakawa kama ya uani Ngarenaro, lakini yamekuzwa mara elfu. Mwenye ardhi, yaani serikali ya Gavana Edward Twining, alitoa notisi. Aliahidi fidia, alijenga miundombinu Kingori, alituma maofisa kushawishi. Wameru walichanga fedha, wakaandika, wakapeleka malalamiko kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru nchi mwaka 1951, maana Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo na Waingereza walikuwa wasimamizi tu. Tarehe 17 Novemba 1951 maofisa, askari polisi na vibarua waliingia Engare Nanyuki. Watu walitolewa, vyombo vikatolewa, nyumba zikachomwa moto moja baada ya moja. Mifugo iliswagwa kuelekea Kingori, na kwa maelezo ya waliodai baadaye, mingi ilikufa njiani. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi yao. Wengi wao hawakwenda Kingori walikopangiwa. Walipanda mlimani kwa ndugu zao, kwenye vihamba vilivyokwisha kubanana, wakakaa huko wakingoja.

Kisha wakaikataa fidia, nami naona hilo ndilo kiini cha kisa chote. Wengi wanaoisimulia habari hii hukaa sana kwenye moto, na ni haki yao, kwa kuwa moto huonekana. Lakini maofisa waliojua namna ya kuchoma nyumba hawakujua la kufanya na fedha zilizolala mezani bila wa kuzichukua. Mtu aliyechomewa, asiye na paa, mwenye watoto kwa shemeji yake, anaonyeshwa noti na anageuza uso. Kiburi peke yake hakiwezi kueleza jambo hilo. Wameru walikuwa wamefahamu, pengine kuliko baadhi ya wanasheria wa serikali, kwamba fidia ni risiti. Anayeipokea amekiri kuwa alikuwa mpangaji, kwamba mwenye nyumba alimtaka atoke, na kwamba wamelipana. Kuikataa ni kusema kuwa upangaji wenyewe haukuwapo. Serikali iliweza kuwatoa ndani ya mpaka wa shamba, lakini haikuweza kuwatoa ndani ya dai lao.

Wasomaji wa visiwani watakumbuka kuwa Unguja ilikwisha kuuona mgogoro wa aina hii, wenye sura nyingine. Ng'ambo, watu walijenga vibanda vyao kwa fito, udongo na makuti juu ya viwanja vya wengine. Hapo zamani kukaa kiwanjani kwa mtu kulikuwa ni jambo la hisani na utiifu zaidi kuliko la fedha. Mahakama za kikoloni zilikitenga kibanda na ardhi yake: kibanda ni chako, kiwanja si chako, basi lipa. Kodi ya viwanja ikapanda, na katika miaka ya 1927 na 1928 wakaaji wa Ng'ambo, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, waligoma kulipa na hawakuhama. Walioshtakiwa walifungwa, na mwanzoni mwa 1928 umati ulikwenda gerezani ukawatoa. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za viwanja. Tofauti na Meru ni kubwa. Mgomaji wa Ng'ambo alikubali kuwa kiwanja kina mwenyewe. Alichokataa ni bei na dharau. Kwa hiyo alikuwa na mahali pa kukutana na serikali, napo ni kwenye kiasi cha kodi. Mmeru hakuwa na kiasi cha kujadili.

Kwa hiyo kesi yake haikuwa na mahakama ya karibu. Ilipelekwa mbali. Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, waliifikisha New York mwaka 1952, mbele ya Baraza la Udhamini na kisha mbele ya Baraza Kuu. Baraza la Udhamini lilisikitika. Kusikitika ni kazi nyepesi. Katika Baraza Kuu, azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao lilipita kwenye kamati, lakini kwenye kikao cha wote halikupata theluthi mbili za kura, likaanguka. Mtu anaweza kusema kuwa walishindwa. Hata hivyo, kabla ya hapo hakuna Mtanganyika aliyekuwa amesimama mbele ya mataifa kuishtaki serikali iliyokuwa ikimtawala. Kirilo aliporudi alizunguka nchini akisimulia, na watu ambao hawajapata kuuona mlima wa Meru waliusikia. TANU ilizaliwa Julai 1954, na Julius Nyerere alisimama New York mwaka 1955. Njia ilikwisha kufyekwa. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walikitoa kisa hicho kuwa kitabu, na kinastahili msomaji zaidi ya kile alichonacho leo.

Ule mpango wa walowezi wa Engare Nanyuki haukustawi. Kufikia miaka ya uhuru, ardhi ilikuwa imeanza kurudi mikononi mwa Wameru.

Lakini sheria haikurudi ilikotoka. Nyerere aliandika mwaka 1958, katika kijitabu chake Mali ya Taifa, akipinga ardhi kuwa bidhaa ya mtu binafsi, na serikali ya uhuru ikazigeuza hati za umilikaji kamili kuwa za kukodi kutoka kwa dola mwaka 1963, kisha kuwa haki za kukalia mwaka 1969. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa, Arusha ikiwa miongoni mwa miji iliyoguswa sana. Waliokuwa wakipokea kodi wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba, wengine katika majengo waliyoyajenga wenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Neno ni lile lile la udhamini lililopelekwa New York. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo iliipa haki ya kimila hadhi sawa na ya hati, na hilo ni jambo ambalo Mmeru wa 1951 angelishukuru. Lakini mwenye hati mjini bado anatumiwa ankara kila mwaka, na juu yake pameandikwa kodi ya pango la ardhi. Maneno yote mawili yamekutana hapo, kodi na pango, kwenye karatasi moja yenye nembo ya serikali.

Engare Nanyuki ya leo ni nchi ya nyanya. Mifereji imeshushwa kutoka mlimani, na magari ya mizigo hupakia matenga kuelekea Arusha na mbali zaidi. Si kila anayelima hapo analima shamba lake. Wapo wanaokodi kwa msimu kutoka kwa wajukuu wa wale waliochomewa. Mapatano hufanywa kwa mdomo, mbele ya shahidi mmoja au wawili, na fedha hutangulia mbegu.