Motokaa za 1906 na kijana aliyedandia nyuma

Hii ni sehemu ya sita ya mfululizo wetu wa malezi ya zamani. Mara ya mwisho tuliongea chupa za kunyonyeshea. Leo tupande gari.

Kuna video inazunguka sana kwenye simu. Mtaa mpana, wanaume wana kofia, wanawake wana magauni marefu yanayofagia chini, farasi wanavuta mikokoteni, na katikati yao motokaa za kwanza kwanza zinakatiza. Watu wamejaza komenti: "Zamani raha jamani, hakuna foleni, hakuna presha." Na mimi niliipenda. Nilikuwa nimeshabonyeza niitume kwenye grupu la familia, nikasema ngoja niiangalie mara ya pili. Hapo ndipo jicho la kazini likaamka.

Kwanza tujue ni nini tunaangalia. Ule ni mtaa wa Market Street, San Francisco, Marekani. Ndugu wa ukoo wa Miles, waliokuwa na biashara ya filamu, walifunga kamera mbele ya tramu inayovutwa na kebo iliyopita chini ya barabara, wakapiga picha njia nzima hadi kwenye jengo la vivuko lenye mnara wa saa. Filamu ina dakika kama 13. Rangi na sauti za honi mnazosikia zimeongezwa juzi juzi tu na watu wa kompyuta. Yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, kimya kabisa.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya 1905. Mwanahistoria wa filamu David Kiehn akakaa nayo kwa subira. Akasoma magazeti ya wakati ule, akaangalia namba za magari, akalinganisha hata madimbwi ya maji barabarani na habari za mvua. Akagundua ilipigwa Aprili 1906, siku chache tu kabla ya tetemeko kubwa la tarehe 18. Tetemeko lile na moto uliofuata viliua watu wanaokadiriwa kufikia 3,000, na majengo mengi mnayoyaona yakageuka majivu. Studio ya akina Miles nayo iliungua. Filamu ilipona kwa sababu ilikuwa imeshasafirishwa kwenda New York.

Ndiyo maana inagusa moyo. Wale watu wanatutazama usoni, wanacheka, hawajui.

Sasa rudini muangalie watoto. Hakuna taa za barabarani. Hakuna zebra. Hakuna upande wa kwenda wala wa kurudi, kila mtu anapita anapoona pana nafasi. Vijana wadogo wanakatiza mbele ya tramu wakicheka. Kuna mmoja anaikimbilia motokaa, anaishika kwa nyuma, anadandia. Yaani kudandia kule kule kwa vijana wetu kwenye malori. Niliposimamisha video hapo, sikuona tena raha. Niliona kitanda cha wodi ya mifupa.

Hivi mbona hawagongwi? Jibu liko kwenye video yenyewe. Tramu inakwenda mwendo wa baiskeli, na motokaa nazo hazina pa kukimbilia. Halafu kuna ujanja: ukifuatilia namba, utaona magari yale yale yanazunguka na kupita tena mbele ya kamera, ili mtaa uonekane umejaa magari. Kumbe yalikuwa machache! Kilichowalinda wale watoto ni uchache na upole wa mwendo. Akili za madereva zilikuwa hizi hizi zetu.

Miaka miwili baadaye, 1908, ikaja Ford Model T, bei ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Magari yakaongezeka, mwendo ukaongezeka, na watoto waliozoea kucheza barabarani wakaanza kufa. Miaka ya 1920 baadhi ya miji ya Marekani ilifanya maandamano ya kuwaomboleza watoto waliouawa na magari. Hiyo sehemu haimo kwenye video tamu.

Kinga ilichelewa mno. Mkanda wa kiti tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Viti vya watoto vya mwanzo vilikuwa vya kumwinua tu mtoto aone nje. Vya kumlinda kwenye ajali vikaanza kubuniwa miaka ya 1960. Sheria ya kwanza ya jimbo nchini Marekani ya kulazimisha kiti cha mtoto ilianza Tennessee mwaka 1978, baada ya daktari wa watoto Robert Sanders kuipigania sana. Na hata hiyo iliacha mlango wazi: mzazi aliruhusiwa kumpakata mtoto. Ikabidi Sanders apigane tena, ruhusa hiyo ikaondolewa 1981.

Hapo kwenye kupakata ndipo niliposhikwa. Mwanangu wa kwanza nilimpakata kwenye teksi siku ya kutoka hospitali na miezi mingi baadaye. Siku moja dereva alikwepa mbuzi, akafunga breki. Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, na bado aliniponyoka, paji la uso likagonga kiti cha mbele. Alivimba tu, namshukuru Mungu. Lakini mimi nesi, ninayewashona watoto wa wenzangu, nilikuwa naamini mikono yangu inatosha. Haitoshi, mama. Gari la mwendo wa kilomita 50 likigonga, mtoto wa kilo 10 anavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wako wewe mwenyewe.

Najua kiti ni ghali na wengi tunapanda daladala. Basi tufanye tunaloweza. Kwenye gari dogo, mtoto akae nyuma. Usijifunge mkanda mmoja na mtoto uliyempakata, maana mwili wako utambana. Ndugu wakiuliza walete zawadi gani ya uzazi, taja kiti cha gari. Kinaweza kumfaa hata mdogo wake kama hakijapata ajali wala hakijapitwa na muda. Na dereva akikimbiza, mwambie apunguze. Usione aibu, nauli umelipa.

Video nimeituma kwenye grupu, nikaandika chini yake: "Tamaa yangu ni ule mwendo wa polepole tu. Mengine yabaki huko huko."

Sehemu ya saba tutaongea mbeleko. Lala salama, wewe na wanao.