Daftari la Kaka Yangu

Katika sanduku langu la chuma, chini ya vyeti vya Chuo cha Ualimu Butimba, ninalo daftari la mazoezi ambalo jalada lake limefifia. Halina insha wala hesabu za darasani. Lina tarehe, vituo vya tiba, vipimo, dawa na fedha zilizolipwa, vyote kwa mwandiko wa muuguzi mmoja ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Kila nilifunguapo nakumbuka mambo mawili: kwamba kaka yangu alipona, na kwamba mimi, mwalimu, nilikaa miezi mitano kando ya kitanda chake bila kuuliza swali hata moja.

Ili msomaji anielewe, yafaa turudi nyuma kidogo.

Zamani kwetu mgonjwa hakwenda kwa mganga peke yake. Alisindikizwa na shangazi, mjomba au kaka, na hao ndio waliosimulia ugonjwa ulivyoanza, wakayapima maneno ya mganga, kisha wakaamua kubaki au kwenda kwingine. Mtaalamu wa Kimarekani, John Janzen, aliieleza desturi ya namna hiyo miongoni mwa Wakongo katika kitabu alichokitoa mwaka 1978. Jamaa hao hawakusomea tiba, lakini walimjua mgonjwa wao. Zilipokuja hospitali, jamaa wakabaki nje wakingojea saa ya kuona wagonjwa, mikononi wameshika vyombo vya uji. Kazi yao ikawa kulisha na kufua. Kusema wakawaachia wenye makoti meupe.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijenga zahanati vijijini, na matibabu katika vituo vyake hayakuwa ya kulipia. Mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku. Wakati huo, daktari akikosea kuutambua ugonjwa, aliyeumia ni mwili. Lakini mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za Serikali zikaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Sisemi kwamba utaratibu huo haukuwa na sababu zake. Hazina ilikuwa tupu. Ninalosema ni kwamba tangu hapo kosa likawa na bei, na anayeilipa ni yule yule aliyekosewa.

Kaka yangu aliilipa bei hiyo mwaka 1996. Alishikwa na homa za jioni, usiku akalowa jasho, mwili ukaanza kukonda. Zahanati walimpa klorokwini. Ikamwasha mwili mzima asilale, na homa ikarudi. Hospitali ya kwanza walimtundikia dripu za kwinini. Tukaenda hospitali nyingine ya mjini, ya kulipia. Huko wakampa tena dawa za malaria, na safari hii wakaongeza homa ya matumbo, pamoja na sindano za kila siku. Kila tulikofika tuliandikiwa cheti kipya. Hakuna aliyeuliza cha zamani, nasi hatukukitoa. Ng'ombe wawili waliuzwa, kisha wawili wengine. Hao wa mwisho walikuwa wametengwa kwa ajili ya ada ya binti yake, aliyekuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza.

Ndipo muuguzi yule, aliyekuja likizo kijijini, akapita kutujulia hali.

“Shikamoo mwalimu. Vyeti vya baba viko wapi?”

Nikamletea vyote katika mfuko wa rambo. Akavipanga juu ya mkeka kwa kufuata tarehe, akaomba daftari, akaanza kunakili. Alipomaliza aliniuliza kwa heshima, “Mwalimu, damu imepimwa mara mbili, na mara zote mbili wameandika hawakuona vimelea. Mbona ametibiwa malaria mara tatu?”

Sikuwa na jibu. Vyeti vile nilikuwa navyo muda wote, na kusoma ninajua. Kisha akamgeukia kaka: “Baba, umeanza kukohoa lini?” Kaka akasema tangu kabla ya mavuno. Sisi nyumbani tulidhani ni tumbaku yake. Katika vyeti vyote vile, neno kikohozi halikuwamo.

Kesho yake alimpeleka hospitali. Hakwenda kugombana. Alimsalimu daktari, akampa daftari, akaeleza kwa maneno machache. Daktari alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaagiza makohozi yapimwe kwa hadubini. Majibu yalipotoka, kilikuwa kifua kikuu.

Hapa historia ina kejeli yake. Dawa za kifua kikuu hatukulipia hata senti. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, akasaidia kuujenga: makohozi yapimwe, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu katika miezi ya mwanzo, na kila jina lifuatiliwe katika rejista hadi apone. Utaratibu huo ndio Shirika la Afya Duniani lilioueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Watu wa mbali walijifunza kutoka kwetu, na kaka yangu akauza ng'ombe wanne kutafuta dawa ya ugonjwa ambao tiba yake ilikuwa ya bure. Alimaliza miezi minane ya dawa, akapona. Lakini binti hakwenda sekondari. Fedha zilipopatikana, nafasi yake ilikwisha kupotea.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hatukuwa peke yetu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kati ya waliolazwa mahututi na kutibiwa malaria kali, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea katika damu. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine, na hao ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Na Novemba 2007, jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: mwenye maradhi ya goti akapasuliwa kichwa, na mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Mtu mmoja anayewajua, laiti angaliruhusiwa kufika hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji, angalisema, “Huyu siye.”

Huko Marekani jambo hili limegeuzwa kuwa kazi ya kusomewa. Mwaka 1973 chama cha hospitali cha nchi hiyo kilitoa tamko la haki za mgonjwa, na mwaka 1980 Chuo cha Sarah Lawrence, karibu na New York, kikaanzisha shahada ya utetezi wa wagonjwa. Mtetezi huyo hukusanya kumbukumbu, huuliza kuhusu vipimo, na hukagua ankara mstari kwa mstari. Sisi hatuna haja ya kungoja shahada. Tunahitaji mtu mmoja katika kila ukoo, mtulivu, anayejua kusoma, asiyeona haya kuuliza: vipimo vimeonyesha nini? Kama si ugonjwa huu, unaweza kuwa upi? Dawa hii tulikwisha kuitumia, je, turudie?

Siwalaumu matabibu. Ni wachache, foleni ni ndefu, na wengi hufurahi wakiletewa maelezo yaliyonyooka, kama yule daktari aliyelisoma daftari. Najilaumu mimi. Miaka yote niliwaambia wanafunzi kwamba kuuliza si ujinga, kisha penye haja nikanyamaza nikidhani ndiyo adabu.

Sasa nina ugonjwa wa shinikizo la damu, na kila mwezi nakwenda kliniki. Anayenisindikiza ni binti yule yule wa kaka, ambaye leo ni mama wa watoto wanne. Elimu yake ni ya darasa la saba. Hushika daftari, huandika vipimo, na daktari akibadilisha dawa humwuliza sababu. Hajawahi kunilaumu kwa ada ile. Mwezi uliopita alimwonyesha daktari kwamba dawa mbili nilizoandikiwa ni moja yenye majina mawili. Daktari akamshukuru, akafuta moja.