Tiki Moja

Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza. Serikali ya Kamuzu Banda ilitupa wafungwa wa siasa huku Dowa ili sauti zao zisisikike. Mwaka 1994 tukaanza kupokewa sisi wakimbizi. Historia ninayotaka kuandika ni ya jambo dogo tu la mahali hapa: kungojea jibu la mtu unayempenda.

Mwaka huo huo wa 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha jamaa. Watu walikaa karibu na redio kutafuta ndugu zao waliopotea. Kulikuwa pia na barua za Msalaba Mwekundu: karatasi moja, haifungwi, wafanyakazi wanaisoma, unaandika habari za familia, siasa hapana. Mama mmoja jirani yangu alituma ya kwake akangoja karibu miaka miwili. Nilimuuliza kama hakuwaza kwamba mume amemtupa. Akanishangaa. "Mwanangu, si barua ilikuwa njiani?"

Halafu zikaja simu za batani na kubip. Bip moja nimefika, mbili nakukumbuka. Haikugharimu kitu.

Mwaka 2010 Wajesuiti walileta kambini masomo ya chuo kikuu kwa intaneti, diploma ikitolewa na Chuo Kikuu cha Regis, Marekani. Sisi wa baadaye tulisoma WhatsApp ikiwa mkononi tayari. Tiki za bluu zilikuja Novemba 2014, na mimi naona hapo ndipo mambo yaligeuka. Zamani kimya kilikuwa cha barabara, cha posta, cha vita. Sasa kimya kina mwenyewe. Amesoma saa mbili usiku, hajajibu, yuko na nani?

Wewe unayekuja na gari la shirika, usione ni utoto. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka sharti lake kuhusu uhuru wa kutembea. Hivyo hata mpenzi wa Lumbadzi, hapo tu minibasi inapofika, anaweza kuishi ndani ya simu kama yule wa Kongo. Kwa mwanafunzi wa hapa, simu ndiyo baraza, ndiyo njia ya kwenda kumsalimia.

Wangu alikuwa Kamituga, Kivu Kusini. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti na ujumbe mfupi nchi nzima. Kambi yote ilijua. Mimi pia nilijua. Lakini mwenzangu wa chumba alikuwa na mchumba Goma, na Goma watu walikuwa wanatumia laini za Rwanda, maana mpaka uko pale pale. Huyo binti aliandika kila siku. Mwenzangu anacheka na simu usiku, mimi naangalia tiki moja.

Tiki moja, si unajua, ni simu haina mtandao. Au amekufungia. Wiki ya pili nilichagua la pili. Nikaandika maneno ambayo hapa siyarudii, juu ya wanaume wa machimbo ya dhahabu na pesa zao. Kumbuka kwamba simu ya kawaida ilikuwa inapita. Kwacha za dakika tano za kupiga Kongo ningeweza kukopa, hata kwa yule mama jirani. Sikukopa. Nilitaka yeye aanze.

Intaneti ilirudi baada ya siku 20 hivi, Mahakama ya Katiba ilipomthibitisha Tshisekedi. Nilikuwa kwenye foleni ya kuchaji simu. Tiki zikawa mbili, kisha bluu, zote kwa pamoja. Siku zangu 20 alizisoma kwa dakika chache: heri ya mwaka mpya juu, matusi chini. Muda wa kufuta ulikuwa umeshapita.

Aliandika mstari mmoja, kuniuliza kwa nini sikupiga.

Nimeandika jibu mara nyingi, nikafuta. Kwake bado inaonekana nimesoma, tangu Januari 2019.